Bembea ya watoto iliyo nje: maswali na majibu kuhusu usafi na usalama wake

Je, ni lazima bembea ipuliziwe dawa ya kuua vijidudu kila siku?

Hapana. Maji, sabuni na brashi vinatosha kwa siku nyingi, na mtoto akinawa mikono baada ya kucheza atakuwa amekingwa zaidi kuliko kwa dawa hiyo. Isitoshe, dawa ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu.

Na kikiwepo kinyesi cha ndege?

Hapo ndipo dawa ina kazi, sawa na penye damu au matapishi. Kinyesi kikavu usikikwangue, kwa kuwa vumbi lake likivutwa puani linaweza kuleta maradhi ya mapafu. Kiloweshe kwanza, kiondoe ukiwa umevaa glavu, osha kwa sabuni, kisha paka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Suuza vizuri, maana klorini hula chuma. Kamwe usiichanganye na siki wala amonia: hutoa gesi yenye sumu.

Ni kweli kutu huleta pepopunda?

Hili huulizwa sana. Kutu yenyewe haina pepopunda. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, nao huingia mwilini kupitia jeraha. Chuma kilicholika huchana ngozi, na hapo mlango umefunguka. Mtoto akichanika, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha tazama kadi yake ya chanjo. Jeraha likiwa na kina au uchafu, au chanjo ikiwa haijakamilika, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kutu ya juujuu huondolewa kwa msasa. Rangi kuukuu inayobanduka ni jambo jingine: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto wanaotia vidole mdomoni. Usiisugue ikiwa kavu.

Nikague nini ninapoiosha?

Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa ya kuosha kwa mkono badala ya kupiga maji kwa mpira kutoka mbali: vidole hugundua ambacho macho yameruka. Anzia juu kabisa, pale mnyororo unaposuguana na kulabu. Ndipo panapolika zaidi, na ndipo wengi hawatazami. Pete iliyokonda ibadilishwe, haina matengenezo. Kulabu yenye umbo la S ibanwe hadi mwanya wake usizidi milimita 1, la sivyo hunasa nguo au mnyororo ukachomoka. Kamba isokotoe kinyume uone nyuzi za ndani, kwani jua huzidhoofisha. Kaza nati. Kiti cha mbao kipitishie kitambaa; kikinasa, pana vibanzi. Chungulia pia chini ya kiti, nyigu hupenda kujenga hapo.

Bembea yetu ni ya tairi. Ina shida yoyote?

Mbu. Maji yakituama ndani, mayai huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Toboa matundu upande wa chini.

Mchanga ulio chini nao husafishwa?

Ndiyo. Paka na mbwa hujisaidia humo, na mayai ya minyoo yao huweza kumwambukiza mtoto. Ondoa kinyesi mara ukionapo. Miguu ya watoto huchimba shimo palepale wanapoangukia, kwa hiyo urudishie mchanga hadi ufike kina cha sentimita 30 hivi.