Barua ya peni moja: stempu imebeba sifa isiyo yake

Ukitaja mageuzi ya posta ya Uingereza, wengi wanaikumbuka Penny Black, stempu nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria. Ni stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa, na inastahili heshima yake. Lakini umaarufu huo umezaa dhana kadhaa zisizo sahihi.

Dhana: stempu ndiyo iliyoshusha bei ya barua

Tarehe zinakataa. Bei ya peni moja kwa nchi nzima ilianza 10 Januari 1840, ilhali Penny Black ilianza kutumika rasmi 6 Mei mwaka huohuo. Kwa karibu miezi minne watu walipeleka barua posta, wakalipa peni yao taslimu, karani akagonga alama, barua ikaondoka. Hata baada ya stempu kutoka, kulipia kabla hakukuwa lazima. Ungeweza kutuma bila kulipa, ila mpokeaji angedaiwa peni mbili.

Dhana: barua zilikuwa ghali kwa sababu ya umbali

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami naona ndipo panaposahauliwa zaidi. Kabla ya 1840 aliyelipa kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na bei ilipangwa kwa umbali na idadi ya karatasi. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi 1, na shilingi ilikuwa peni 12. Kibarua wa shambani alipata shilingi 10 hivi kwa wiki. Habari za mwanawe aliye mbali zingemla zaidi ya nusu ya ujira wa siku.

Rowland Hill, mwalimu ambaye hakuwa mtu wa posta, alikaa na hesabu hizo na mwaka 1837 akatoa kijitabu. Alipopiga mahesabu ya usafirishaji peke yake, aliona kwamba kuifikisha barua moja Edinburgh kutoka London kuligharimu sehemu 1 ya 36 ya peni. Fedha ziliishia kwingine. Makarani waliinua barua kwenye mwanga wa mshumaa wakihesabu karatasi, wakaandika deni juu yake, wakatunza daftari la kila deni. Tarishi naye alibisha hodi nyumba hadi nyumba akingoja watu watafute pesa. Hill akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, ipimwe kwa uzito, na mtumaji alipe kwanza. Barua isiyozidi nusu wakia, gramu 14 hivi, ikawa peni moja, iende mtaa wa pili au pembe ya mbali ya nchi.

Dhana: Hill alizindushwa na msichana maskini aliyekataa barua

Kisa hiki kinasimuliwa sana. Mwanamke anaitazama barua, anairudisha kwa tarishi, msafiri mwenye huruma anamlipia. Kumbe ndani hamna neno: yeye na ndugu yake wamepatana kwamba karatasi tupu ikifika, maana yake ni mzima. Hill mwenyewe alikisimulia kama kisa cha mshairi Samuel Taylor Coleridge. Wasimuliaji wa baadaye ndio waliomvisha Hill.

Hila yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya kweli, na yeyote aliyewahi kubipu kwa kukosa salio ataitambua mara moja. Unapiga, unakata, mwenzako ameshaelewa. Kinachouma ni kwamba wakati maskini wakibipu kwa karatasi tupu, wabunge walituma barua bure kwa kutia sahihi yao juu yake. Upendeleo huo ulifutwa mwaka 1840.

Dhana: serikali ilipata faida papo hapo

Barua ziliongezeka kweli, kutoka karibu milioni 76 mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Faida ya posta ilianguka vibaya. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla haijarudi ilikokuwa, na Hill mwenyewe, aliyekuwa amepewa kazi serikalini ya kusimamia mageuzi hayo, aliondolewa mwaka 1842, akarudishwa 1846. Kwa maoni yangu hasara hiyo haiharibu hoja yake. Faida ya zamani ilikuwa kodi iliyotozwa watu kwa kuulizana hali.

Dhana: kuanzia hapo kila mtu akawa mwandishi wa barua

Bado. Katika miaka hiyo, kati ya waliofunga ndoa England na Wales, theluthi ya wanaume na karibu nusu ya wanawake walitia alama badala ya sahihi. Waliotangulia kunufaika ni wafanyabiashara na familia zenye elimu.

Dhana: Penny Black ni adimu mno

Zilichapishwa zaidi ya milioni 68 kabla ya nyekundu kuchukua nafasi yake mwaka 1841, na zimesalia nyingi. Sababu ni kwamba watu wengi bado walikunja barua bila bahasha, stempu ikabandikwa kwenye karatasi ileile yenye maneno ya mama au mchumba. Hakuna aliyetaka kuitupa.