Jina moja, minyoo wengi: kisa cha Spirobranchus kraussii

Wengi hudhani sisi wa uainishaji wa viumbe tunazunguka pwani tukimsaka mnyoo ambaye hajawahi kuonekana na mtu. Aghalabu spishi "mpya" imekwisha kuonekana na kila mpita njia. Tatizo ni kwamba imekuwa ikiitwa kwa jina la jirani yake.

Chukua Spirobranchus kraussii. Ni mnyoo mdogo anayejijengea mrija wa chokaa wenye rangi ya buluu, na mirija hiyo huota kwa msongamano hadi ikafunika mwamba unaoachwa wazi maji yakipwa. Mwanazoolojia Baird alimpa jina katika miaka ya 1860, kwa sampuli za Afrika Kusini. Baadaye kila aliyekuta mirija ya namna hiyo, awe Japani, Ghuba ya Uajemi au Mediterania, aliandika kraussii. Alipoulizwa mnyoo huyo amefikaje huko, jibu lilikuwa tayari: kapanda meli. Ni kweli wapo wa jamii hii wanaosafiri hivyo, Hydroides elegans kwa mfano, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kwa macho wanafanana mno. Chini ya hadubini tunaangalia kifuniko anachozibia mrija akijificha, bua lake na mabawa yake, kola ya shingoni, na vinywele vya kila pingili. Hata hivyo tofauti ni ndogo, na kifuniko hubadilika kadiri mnyoo anavyokua. Basi tunageukia vinasaba. Hapo ndipo sampuli za kale zinapotuangusha, kwa sababu formalini, dawa zilizohifadhiwa ndani yake, huharibu vinasaba. Dawa yake ni kurudi kule jina lilikotoka na kukusanya minyoo wapya, ili ijulikane kraussii halisi ni yupi. Bila hatua hiyo huwezi kumwita mwingine yeyote mpya, hata umchore vizuri namna gani.

Utafiti wa namna hiyo ulitoka 2019, ukaonyesha kwamba kraussii halisi ni wa Afrika Kusini, na hao wa kwingineko waliopimwa ni spishi nyingine. Mwaka 2020 wale wa Ghuba ya Uajemi na Ghuba ya Omani wakapewa jina la S. sinuspersicus, mwaka 2022 wa Japani akawa S. akitsushima. Kwangu mimi jambo zito hapa ni lile neno "mvamizi", yaani kiumbe mgeni aliyeletwa kutoka kwingine, maana aliyebandikwa neno hilo huenda akawa mwenyeji wa siku zote.

Kwa hiyo nikikuta kraussii kwenye orodha ya viumbe wa pwani ya Tanzania au Kenya, naweka alama ya kuuliza. Ukitaka kunisaidia kuifuta, bandua kipande cha mirija pamoja na minyoo wenyewe, piga picha wakiwa hai maana rangi hupotea, kisha gawa: wengine kwenye formalini kwa ajili ya umbo, wengine moja kwa moja kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Na andika mahali ulipowatoa.