Mteremko Uliosimama Tangu Enzi za Babu Si Lazima Usimame Msimu Huu

Kila mvua za Machi hadi Mei zinapokaribia, wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, wanaoombwa kuondoka mahali pa hatari hutoa jibu lilelile: babu alizaliwa hapa, na mlima haukumgusa. Kauli hiyo inaeleweka, lakini haiwezi kuendelea kupokelewa kama ushahidi wa usalama, kwa kuwa mvua zimebadilika na mteremko wenyewe umekatwa miti na kuchimbwa tangu enzi hizo.

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Desemba 2019, bahari ya Hindi ikiwa na joto kupita kawaida upande wa Afrika Mashariki, ardhi iliporomoka katika wilaya za Bududa na Sironko za Elgon, na Bundibugyo magharibi mwa Uganda, ndani ya mwezi huo mmoja. Kiangazi kikali nacho huchangia: udongo wa mfinyanzi wa Elgon, uliotokana na miamba ya volkano, hupasuka ukikauka, na mvua zinazofuata hupenya katika nyufa hadi tabaka za chini. Huko maji hujaa, hupandisha shinikizo kati ya chembe za udongo na kudhoofisha mshikamano wake. Maji hayo huchukua muda kushuka, ndiyo maana poromoko linaweza kutokea saa kadhaa baada ya mvua kukatika, na anayerudi nyumbani kwa sababu tu jua limewaka anahatarisha watoto wake.

Wanaoishi bondeni wasijione wako salama. Oktoba 2018 poromoko lililoanzia juu Bududa liliingia mto Suume, na matope na mawe yakaua watu zaidi ya 40 katika makazi ya chini.

Wapo pia wanaodhani kwamba kupanda miti kunamaliza tatizo. Mizizi hushika udongo wa juu, lakini haifiki kwenye tabaka linaloteleza kwa kina kirefu, wala haifidii kitako cha mteremko kilichochongwa ili kupata kiwanja cha nyumba. Ukuta wa udongo wenye urefu wa mtu, nyuma ya jiko, ni dalili tunayoikuta mara kwa mara, na mwenye nyumba hushangaa tunapomwambia kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza.

Ukiona ufa shambani, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na upime umbali kati yake kwa kamba kila asubuhi. Ukiongezeka, au chemchemi ikitoa maji ya matope, au mlango ukianza kukwama bila sababu, ondoa familia kwanza. Kuhamia kwa ndugu usiku wa mvua hakuhitaji kibali cha mtu yeyote. Kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye hupeleka taarifa kwa mkuu wa gombolola (tarafa ndogo ndani ya wilaya), na yeye huifikisha kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Taarifa itaje kijiji, urefu wa ufa, siku ulipoonekana na idadi ya kaya zilizo chini yake, kwa sababu taarifa isiyo na mambo hayo huchelewesha ukaguzi.

Kuhusu mito, kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinahifadhi mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Anayeharibu eneo hilo anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira. Asipoitekeleza ndani ya muda ulioandikwa, kazi inaweza kufanywa na mamlaka ya mazingira na gharama zikadaiwa kwake, mbali na faini ya mahakama, ambayo sheria huihesabu kwa pointi za sarafu, kila pointi ikiwa shilingi 20,000.

Uvumi kwamba onyo la kuhama ni mbinu ya kunyang'anya ardhi umegharimu maisha, na tunauomba ukome. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mali kutwaliwa, na kumwondoa mtu kwenye hatari msimu wa mvua hakumfutii umiliki wa shamba lake la kahawa.