Hivi kwanini mahindi yanakauka wakati mvua imenyesha?

Ukitoka Tanga mjini mpaka Segera, halafu ukashika njia ya Chalinze, pale Mkata utasikia lawama ileile karibu kila msimu: mvua imetutupa. Mjomba wangu analima huko na mi nilikuwa namuitikia tu, mpaka siku nikakaa nikapiga hesabu.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Eka ina kama mita za mraba 4,000, kwahiyo mvua moja tu ya milimita 40, ile inayowakimbiza wazee barazani, imeshamwaga lita 160,000. Yani maboza 16 ya lita 10,000! Sasa yameenda wapi?

Mengi hata hayajaingia ardhini. Tone likipiga udongo ulio uchi, vumbi laini linaziba vitundu, jua likitoka juu panakuwa ganda gumu kama sakafu, na mvua inayofuata inateleza tu kwenda bondeni na rutuba yako. Yanayoingia nayo jua linayanyonya kabla mzizi haujayafikia. Watafiti waliopima mashamba makavu ya Afrika wamekuta mvua inayopita kwenye mmea wenyewe mara nyingi haifiki hata theluthi.

Ila kilichonishangaza zaidi ni hiki, mmea wenye njaa haunywi vizuri. Udongo ukikosa fosforasi mizizi inadumaa, maji yapo chini pale lakini haifiki, halafu mahindi yanatoa mbelewele jua likiwa kali ndo basi tena. Ndo mana ICRISAT, wale watafiti wa kilimo cha ukame wenye makao karibu na Hyderabad kule India, walikazania mbolea kidogo kidogo inayowekwa palepale kwenye shina, na Zimbabwe wakulima wakaipima kwa kizibo cha chupa. Kizibo tu jamani, sio kumwaga mfuko shamba zima.

Na maji je? Hapo Dodoma wametuzidi akili, kuna mashimo ya Chololo, yamepewa jina la kijiji. Shimo lina upana wa kama sentimita 22 na kina 30, la pili unachimba sentimita 60 mbele, mstari hadi mstari 90. Unatia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi, mabua, unarudishia udongo bila kulijaza, ili mvua ikija ituame humo badala ya kukimbia.

Nikamuelezea mjomba yote hayo, akasikiliza vizuri tu, mwisho akauliza eka moja inakula mashimo mangapi. Nikapiga hesabu kwenye simu: zaidi ya 7,000. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya mjomba, jembe lile pale, anza, mi nakuletea chai."