Mafunzo kwa vitendo ya paramediki: maana ya kuwa mtu wa tatu kwenye ambulensi

Paramediki ni mtaalamu wa afya anayemfikia mgonjwa kabla mgonjwa hajafika hospitali, akiwa na idhini ya kumpima, kumfungulia njia ya hewa, kumpa baadhi ya dawa na kuamua iwapo apelekwe hospitali au atibiwe palepale alipo. Nchini Uingereza jina hilo linalindwa na sheria, na mtu ambaye hakusajiliwa na Baraza la Taaluma za Afya na Matunzo, linalofahamika zaidi kwa kifupi cha HCPC, hutenda kosa akijiita paramediki. Tangu Septemba 2021 kozi mpya zinazofungua njia ya usajili huo ni za ngazi ya shahada, na sehemu kubwa ya shahada hiyo husomwa kwenye zamu, miongoni mwa wagonjwa halisi. Sehemu hiyo ndiyo inayoitwa mafunzo kwa vitendo.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka fildi, na wa Kenya atakumbuka atachimenti. Ufanano upo, lakini fildi ya vyuo vingi huja masomo ya mwaka yanapokwisha, ilhali viwango vya HCPC vinataka mafunzo kwa vitendo yawe kiungo cha kozi yenyewe, kiasi kwamba mwanafunzi hutoka darasani kwenda kwenye zamu na kurudi tena darasani mara nyingi kabla hajahitimu. Baraza hilo halikuweka idadi ya saa, tofauti na taaluma ya uuguzi nchini humo, ambayo kwa miaka mingi imedai angalau saa 2,300 za vitendo. Linachotaka ni kwamba muda, mpangilio na aina za mazingira vimwezeshe mwanafunzi kufikia ujuzi uliokusudiwa. Naona msimamo huo una busara, kwa kuwa saa hazilingani. Katika majira ya baridi ambulensi hupanga foleni nje ya idara za dharura zikisubiri kukabidhi wagonjwa, kazi ambayo kwa lengo lililowekwa England ingepaswa kumalizika ndani ya dakika 15, na mwanafunzi anaweza kumaliza nusu ya zamu yake ya saa 12 pembeni ya mgonjwa mmoja. Atajifunza namna hali ya mgonjwa inavyobadilika kadiri anavyopimwa tena na tena, jambo ambalo nalo lina thamani, ila visa vingine ambavyo angevikuta siku hiyo vitakuwa vimempita.

Neno linalobeba dhana nzima ni “ziada”. Kwa kawaida ambulensi huwa na watumishi wawili, na mwanafunzi ni mtu wa tatu: hahesabiwi katika idadi inayotakiwa ili gari litoke kituoni, wala hapaswi kuziba pengo la mtumishi aliyeumwa. Akibaki nyumbani siku hiyo, mgonjwa bado atahudumiwa kikamilifu. Kuna wanaodhani kwamba kuwa wa ziada ni kukaa pembeni na kutazama, na hapo ndipo dhana hii hupotoshwa zaidi. Hali ya kuwa wa ziada imewekwa ili mwanafunzi apate nafasi ya kutenda polepole, kuuliza, kukosea swali na kulirudia, bila usalama wa mgonjwa kutegemea kasi yake.

Chukulia mzee aliyeanguka sebuleni kwake, wito wa kawaida kabisa katika kazi hii, kwa maana ajali kubwa za barabarani ni sehemu ndogo tu ya siku ya paramediki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atapima presha, sukari, joto na kiwango cha oksijeni, huku mkufunzi wake akizungumza na mgonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ndiye atakayeanza mazungumzo: alijikwaa, au alipata kizunguzungu kwanza? Anatumia dawa zipi, na je, ipo inayozuia damu kuganda? Ataweka vibandiko vya kipimo cha umeme wa moyo, atakisoma, kisha atamweleza mkufunzi anachokiona na anachopendekeza. Kabla ya yote hayo atajitambulisha kuwa ni mwanafunzi na kuomba ridhaa. Mzee akisema hapana, mwanafunzi husogea nyuma, na wala hapaswi kulichukulia kama tusi.

Mkufunzi wa vitendo ni paramediki mwenye usajili na aliyeandaliwa kwa kazi ya kufundisha. Yeye huwajibika kwa uamuzi wa kumkabidhi mwanafunzi jukumu fulani na kwa kumsimamia anapolitekeleza, naye mwanafunzi huwajibika kutokugusa jambo ambalo hajafundishwa. Baada ya wito huzungumza pamoja: ulianza na nini, kwa nini, ulisahau nini. Mkufunzi hutia saini katika kitabu cha tathmini pale tu anaporidhika, na saini inayotolewa kwa huruma humwumiza mgonjwa ambaye bado hajapiga simu. Mazungumzo hayo huwa ya lazima zaidi baada ya kifo. Wapo wanafunzi ambao maiti ya kwanza kuiona maishani ni ya mtu waliyekuwa wakimbana kifua ili kumwokoa dakika chache zilizotangulia, na mkufunzi anayewasha gari kuitikia wito unaofuata bila kumuuliza kijana huyo yu hali gani ameacha sehemu ya kazi yake.

Ambulensi pekee haitoshi. Wanawake wachache hujifungua mbele ya wahudumu wa ambulensi, hivyo mwanafunzi hupelekwa wodi ya wazazi, akae na mkunga na kuona uzazi usio na matatizo, ili siku moja autambue wenye matatizo. Katika chumba cha upasuaji, chini ya daktari wa usingizi, hujifunza kushika taya na kumpumulisha mtu asiyejitambua kwa mfuko na barakoa, katika mwanga wa kutosha na bila ndugu wanaolia. Wengine hupangiwa huduma za afya ya akili, wodi za watoto au nyumba za kutunzia walio karibu na kufariki.

Linalochelewa kukomaa kuliko yote ni uamuzi wa kumwacha mgonjwa nyumbani. Kutundika dripu kunaweza kufundishwa kwa mkono wa plastiki, lakini kujua kwamba mzee yule aliyeanguka atakuwa salama usiku huu, kwamba binti yake atakuja kweli, na kwamba kichwa kinachomuuma si dalili ya damu kuvuja ndani, kunahitaji wagonjwa wengi na mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo hata baada ya kuhitimu, paramediki mpya katika huduma za ambulensi za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, nchini England hupitia kipindi cha kuimarishwa cha hadi miaka 2, akiwa na mtaalamu mwenye uzoefu wa kumpigia simu kabla hajamwacha mgonjwa nyumbani.