Jumuiya ya kikanda ina kazi gani katika Malengo ya Maendeleo Endelevu?

Jumuiya ya kikanda ni chombo kinachoundwa kwa mkataba na nchi za eneo moja, ili zishughulikie pamoja mambo ambayo nchi moja peke yake haiyawezi. Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015, yanaihusu dunia nzima, ilhali utekelezaji wake uko mikononi mwa kila serikali. Matatizo yanayovuka mipaka hukosa mwenyewe katika mpangilio huo, na hapo ndipo jumuiya ya kikanda inapohitajika zaidi.

Mfano ulio wazi ni Ziwa Viktoria, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ambalo Tanzania, Uganda na Kenya zinagawana, huku Rwanda na Burundi zikihusika kupitia mto Kagera unaomwaga maji yake humo. Magugu maji yaliyoziba bandari na mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, katika miaka ya 1990 yalisukumwa na upepo kutoka pwani moja hadi nyingine, na nchi iliyoyaondoa upande wake iliweza kuyapokea tena kutoka kwa jirani. Sangara naye huzaliana upande mmoja na kuvuliwa upande mwingine, kwa hiyo kupiga marufuku uvuvi wa samaki wachanga katika nchi moja tu ni kuwaadhibu wavuvi wake bila kuwanusuru samaki.

Ndiyo maana mwaka 2003 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa hilo, inayotambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kugharamia uchafuzi wake. Kamisheni ya Jumuiya inayosimamia bonde hilo ina makao yake Kisumu, nchini Kenya, na chombo cha uvuvi kiko Jinja, nchini Uganda. Itifaki hiyo ilitangulia Malengo kwa miaka 12, na kwa maoni yangu hilo lina uzito mkubwa: shabaha ya 6.5 ya Malengo hayo, inayotaka maji yasimamiwe kwa ushirikiano wa kuvuka mipaka pale inapofaa, ilikuta eneo hili tayari lina sheria na taasisi za kuitekeleza.

Hata hivyo, kamisheni haina askari majini wala mahakama ya wavuvi. Nyavu haramu hukamatwa na maofisa wa kila nchi, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni, na michango ya nchi wanachama ikichelewa, kazi ya Jumuiya hudorora.

Taarifa za hiari za maendeleo ya Malengo nazo huwasilishwa Umoja wa Mataifa na kila nchi kivyake, kila moja ikieleza kipande chake cha ziwa. Takwimu za samaki na ubora wa maji zikikusanywa kwa utaratibu mmoja na vyombo vya Kisumu na Jinja, ziwa lote huweza kupimwa kama ziwa moja.