Msamaha wa VAT si marejesho: nani hastahili kurejeshewa kodi

Kila mwezi inapokaribia tarehe 20, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya hesabu, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwezi uliotangulia, ofisi yangu ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, hujaa bahasha za kaki zilizotuna kwa risiti. Baadhi ya wenye bahasha hizo wanajua kwamba wanadaiwa na wamekuja nipige hesabu. Wengine, na hao ndio ninaowaandikia leo, huja wakiwa na hakika kwamba Serikali ndiyo wanayoidai, na kwamba kazi yangu ni kujaza fomu tu ili fedha zirudi. Katika kundi hili la pili, niliowaambia warudi nyumbani ni wengi kuliko niliowaombea marejesho, na mara nyingi sababu haikuwa ukali wa maofisa, bali sheria yenyewe haikuwahi kuwapa haki hiyo.

Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015 na kufanyiwa marekebisho karibu kila mwaka wa bajeti. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hutoza asilimia 18 juu ya mauzo yake ya kawaida, na hiyo huitwa kodi ya mauzo. Yeye mwenyewe anaponunua bidhaa au huduma za biashara kwa aliyesajiliwa mwenzake, hutozwa kodi hiyohiyo, nayo huitwa kodi ya manunuzi. Mwisho wa mwezi huondoa kodi ya manunuzi kwenye kodi ya mauzo, na kinachobaki hukipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ikitokea kodi ya manunuzi ikawa kubwa kuliko kodi ya mauzo, hesabu hutoka hasi, na ni hapo tu ambapo neno marejesho linaweza kuanza kutamkwa. Kwa hiyo marejesho si zawadi ya kulipa kodi nyingi, wala si fidia ya maisha kuwa magumu; ni salio la hesabu ya mtu ambaye anatambuliwa kisheria kuwa mkusanyaji wa kodi hiyo.

Asiyesajiliwa basi hana hesabu ya kutoa salio. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa kawaida kusajiliwa ni shilingi milioni 200 kwa miezi 12, kutoka milioni 100 iliyokuwapo awali. Wenye maduka wengi wa Gungu na Ujiji wako chini ya kiwango hicho. Wananunua mzigo wa jumla wenye VAT ndani yake, wanaiingiza kwenye bei ya rejareja, na mlaji ndiye anayeibeba. Kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, hakutoshi, na kuwa na EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, hakutoshi pia. Kinachohitajika ni namba ya usajili wa VAT, ile VRN inayochapwa juu ya risiti. Nimeshaonyeshwa mashine kwenye kaunta kana kwamba ndiyo hati ya usajili.

Kundi linaloniumiza zaidi kulieleza ni la wenye msamaha. Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja mwenye shule ya awali, aliyekuwa amemaliza kujenga madarasa mapya. Alikuwa amepanga risiti zake kwa tarehe, saruji peke yake, mabati peke yake, nondo na rangi peke yake, zote za EFD, na jumla yake ilikuwa shilingi milioni 59. Ukitaka kujua VAT iliyomo ndani ya bei iliyokwisha kujumlisha kodi, unazidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118, na hapo ilitoka milioni 9 kamili. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wameniambia elimu haina VAT. Sasa hii milioni tisa niliyowalipa ni ya nani?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linalofichua kosa ambalo hata watu wenye elimu nzuri hulifanya. Elimu, huduma za afya, nauli za abiria, mbolea, na mazao na samaki ambao hawajasindikwa vimewekwa kwenye jedwali la msamaha. Msamaha maana yake ni kwamba anayeuza vitu hivyo hatozi VAT kwa mteja wake. Haumaanishi kwamba yeye mwenyewe hatatozwa anaponunua saruji, na haumpi haki ya kudai alichotozwa, kwa sababu kodi ya manunuzi hukatwa tu pale inapohusu mauzo yanayotozwa kodi. Sheria inamtazama mwenye shule kama mlaji wa mwisho wa saruji ile, sawasawa na mtu anayejenga nyumba yake ya kuishi. Kodi inaishia kwake.

Kitu tofauti kabisa, ingawa mtaani huchanganywa na msamaha, ni kiwango sifuri. Bidhaa inayouzwa nje ya nchi hutozwa VAT kwa asilimia 0. Kwa mteja hakuna tofauti yoyote inayoonekana, kwa kuwa katika hali zote mbili halipi kodi. Tofauti iko upande wa muuzaji: mauzo ya kiwango sifuri yanahesabiwa kuwa ni mauzo yanayotozwa kodi, ila kiwango chake ni sifuri, na hivyo muuzaji anabaki na haki ya kukata kodi yote ya manunuzi iliyohusika. Ndiyo maana huwa nasema, kwa hatari ya kuonekana mkaidi, kwamba mfanyabiashara anayeomba bidhaa yake iingizwe kwenye msamaha anapaswa kwanza kupiga hesabu ya manunuzi yake, kwa kuwa msamaha unaweza kumgharimu kuliko kodi yenyewe.

Yupo pia mwenye mguu huku na mguu kule. Chukulia duka la Kasulu linalouza mabati, yanayotozwa VAT, pamoja na mbolea, iliyosamehewa. Mwenye duka hawezi kudai kodi yote aliyolipa kwenye gharama zinazotumikia pande zote mbili, kama vile pango la duka na ulinzi. Anadai kwa uwiano: ikiwa kati ya mauzo ya shilingi milioni 100 ya mwezi huo milioni 30 ni za mabati, basi katika kodi ya manunuzi ya pamoja ya milioni 2 anaruhusiwa laki 6 tu. Sheria imeweka mipaka miwili ya kurahisisha mambo. Sehemu inayotozwa ikizidi asilimia 90 anadai yote, na ikiwa chini ya asilimia 10 hadai chochote.

Kuhusu mafuta ya dizeli nitasema kwa kifupi, ingawa hapa ziwani ndiyo risiti ninazoletewa kwa wingi kuliko zote. Petroli, dizeli na mafuta ya taa viko kwenye jedwali la msamaha. Kodi na tozo nyingine zimo ndani ya bei ya lita, lakini VAT haimo, na kisichomo hakidaiwi. Mwenye boti anayeniletea risiti za dizeli za mwaka mzima amenipa kumbukumbu nzuri ya gharama kwa ajili ya kodi ya mapato, basi.

Sasa nije kwenye mauzo ya nje, ambako watu wa Kigoma wana haki kubwa na ambako pia wanaipoteza kizembe. Mimi mwenyewe niliwahi kuipoteza kwa niaba ya mteja. Alikuwa akipeleka sabuni na mabati Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mzigo ulikuwa ukipakiwa kwenye maboti pale Kibirizi. Nilikagua ankara zake za manunuzi moja baada ya nyingine, nikathibitisha risiti zote, nikaandika barua ya maombi ambayo hadi leo naiona kuwa nzuri. Kitu ambacho sikukisoma kwa makini ni sehemu ya juu ya TANSAD, yaani ile hati ya tamko la forodha, mahali panapoandikwa jina la msafirishaji, yaani yule anayeitoa bidhaa nchini. Katika hati nyingi jina lililoandikwa halikuwa la mteja wangu. Lilikuwa la mnunuzi wake, kwa sababu mnunuzi ndiye aliyelipia wakala na wakala akaandika jina la aliyemlipa. Kwa karatasi, mteja wangu alikuwa ameuza sabuni Kigoma, kwa mtu aliyesimama Kigoma, na mtu huyo ndiye aliyeitoa nchini. Mauzo ya namna hiyo ni ya ndani, yanatozwa asilimia 18, na badala ya kupata marejesho tulijikuta tunajibu swali la kwa nini kodi ya mauzo haikutozwa. Lawama ile sikumpa mteja wala wakala. Kusoma hati ilikuwa kazi yangu.

Hivyo muuzaji wa dukani anayewahudumia wafanyabiashara kutoka Burundi na Kongo, wanaolipa fedha taslimu na kubeba mzigo wao wenyewe hadi mwaloni, asijihesabu kuwa ni muuzaji wa nje. Kiwango sifuri hufuata ushahidi, na ushahidi ni tamko la forodha lenye jina lako, uthibitisho kwamba mzigo ulivuka, hati ya usafirishaji, ankara inayolingana nayo kwa kiasi na thamani, na malipo yanayoonekana. Kama mzigo unaoitwa katoni 400 kwenye ankara umekuwa katoni 380 kwenye hati ya forodha, katoni 20 hizo zitaulizwa.

Wapo waliosajiliwa kihalali ambao manunuzi yao fulani yamefungiwa mlango moja kwa moja. Gari la abiria, vipuri vyake na matengenezo yake havidaiwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza, kukodisha au kusafirisha abiria kwa magari hayo. Burudani haidaiwi na asiyefanya biashara ya burudani, wala ada ya uanachama wa klabu. Mkurugenzi aliyenunua gari la kutembelea na kuliandika mali ya kampuni ana gari zuri, hana dai.

Upande wa risiti nina mawili. La kwanza, iwe na jina na namba za mnunuzi mwenyewe. Risiti iliyoandikwa jina la dereva, au isiyo na jina la mtu yeyote kwa sababu muuzaji alikuwa na foleni, haikusaidii hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako. La pili, karatasi ya mashine hufifia. Nimewahi kufungua bahasha iliyokuwa imewekwa juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, nikakuta vipande vyeupe kabisa, na ukivielekeza kwenye dirisha unaona kivuli cha tarakimu mbili tatu. Piga picha siku hiyohiyo, na uthibitishe msimbo wa risiti kwenye mfumo wa TRA, maana risiti isiyotambulika humo haiwezi kubeba dai. Tena usikae nayo ukisubiri wakati mzuri. Kodi ya manunuzi ina muda wa miezi sita, na ukipita imekwenda.

Mwenye hesabu hasi kwa sababu tu alinunua mzigo mkubwa mwezi mmoja naye asitegemee fedha taslimu mara moja. Salio lake husogezwa mbele na kukatwa katika ritani za miezi inayofuata, na likibaki baada ya miezi sita ndipo anapoweza kuliomba. Anayeruhusiwa kuomba bila kusubiri hivyo ni yule ambaye angalau nusu ya mauzo yake ni ya kiwango sifuri, au aliye katika hali inayolingana na hiyo kisheria. Na hata anayestahili, akiwa na deni la kodi nyingine, marejesho yake hulipa deni hilo kwanza. Kwa uzoefu wangu, mwenye ritani ambazo hajawasilisha ni bora azimalize kabla ya kuandika barua, kwa sababu maombi yake hayatasogea hata hatua moja.

Mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani hapa yana utaratibu wao, nami siuingizi hapa.

Ukikataliwa na unaamini umeonewa, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu kupokea uamuzi ili uwasilishe pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, na baada ya hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi. Siku hizo ni chache kuliko zinavyosikika, hasa kwa mtu ambaye barua ilipokelewa na mlinzi wa duka.

Yule mama wa shule sikumwandikia pingamizi, kwa kuwa hakukuwa na la kupinga. Nilimjibu kwamba ile milioni tisa ni ya Serikali, na kwamba mzigo wake umeishia kwake. Halafu tulichukua daftari lake la mali, ambamo alikuwa ameandika gharama ya jengo kuwa milioni 50 akiitenga VAT kando akisubiri irudi, tukaifuta na kuandika 59. VAT isiyodaika ni sehemu ya gharama ya kitu chenyewe, na katika hesabu ya kodi ya mapato jengo huhesabiwa kisheria kuwa linachakaa kwa asilimia 5 ya gharama yake kila mwaka. Kwa hiyo milioni tisa ile inampunguzia mapato yanayotozwa kodi shilingi 450,000 kwa mwaka, na kwa kampuni yake inayolipa asilimia 30, hiyo ni nafuu ya shilingi 135,000. Alizitazama tarakimu hizo kwa muda, akacheka, akaniuliza kama baada ya miaka ishirini nitakuwa bado niko Mwanga.